Nusu Iliyobaki Kwenye Nta

Koti la kukodi lilimbana Jorrit Hamstra kwapani, na mama yake hakuwa mtu wa kulifumbia macho jambo kama hilo.

"Umenenepa," alisema Tjitske, pini mbili zikiwa mdomoni. "Au aliyeshonewa alikuwa na mabega ya kuku. Inua mkono. Haya, shusha. Utasimama tu, hakuna atakayekutuma upande ngazi."

Lilikuwa koti jeusi lenye mkia wa mbayuwayu, koti la wapambe. Kwetu, anayetetea shahada ya uzamivu husimama mbele ya maprofesa saa nzima akiwa na wapambe wawili pembeni, na Lysbet alikuwa amemchagua mumewe awe mmoja wao. Wa pili alikuwa dada yake. "Nani mwingine?" alimwambia Jorrit. "Si wewe uliyenishikisha pipeti?"

Kweli ni yeye. Jorrit alikuwa daktari wa falsafa tayari Lysbet alipoingia katika maabara ya Profesa Terborgh. Ndiye aliyemfundisha kukwangua vinyama vya utumbo kutoka kwenye nta bila kuvipeperusha kwa pumzi. Ijumaa hii mwanafunzi atapewa heshima yake, na mwalimu atashika bahasha ya karatasi na kunyamaza.

"Na huo uso?" Tjitske alimtazama kwenye kioo. "Uso huo huo uliuvaa siku dada yako Baukje aliposhinda mbio za kuteleza kwenye barafu."

"Mama, nilikuwa na miaka tisa."

"Basi umekua, uso umebaki." Akachomeka pini. "Mimi nitakaa mbele. Nataka kumsikia mkeo akisema habari za vinyama. Kile changu walichokata baada ya ile bahasha ya zambarau ya kupima utumbo wa wazee, nataka kujua kama kitarudi."

"Bado ni utafiti, Mama. Hauwezi kukwambia."

"Basi harakisheni. Sina miaka ya utafiti mimi."

Jorrit alicheka kidogo. Alikuwa anajua jambo moja kuhusu utafiti huo ambalo mkewe hakulijua, na lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Utafiti wenyewe hauna uchawi. Ndani ya kila seli kuna maandishi marefu ya herufi nne, na mwili una tabia ya kuivisha mojawapo ya herufi hizo kikofia kidogo cha kemikali iitwayo methili, hapa na pale. Penye vikofia vingi, maandishi hunyamaza. Katika utumbo mpana, zikinyamaza zile sehemu zinazozuia seli kuzaana ovyo, saratani imefunguliwa mlango. Lysbet alichukua vinyama vilivyokatwa matumboni mwa watu miaka mingi nyuma, vikahifadhiwa kwenye nta, akauliza: nani baadaye alirudi na saratani, na nani hakurudi? Akaona kwamba kwenye vinyama vya waliorudi, sehemu moja ya maandishi ilikuwa imejaa vikofia tangu siku ya kwanza, wakati madaktari bado wanasema mgonjwa hana neno. Kwa wasiorudi, vichwa vilikuwa wazi.

Ukiwa na kipimo cha namna hiyo, ajuza kama Tjitske ataambiwa alale salama au aamke mapema. Ndiyo maana jengo zima lilikuwa linamzungumzia Lysbet.

Kikofia hakionekani kwa macho. Unatia dawa, chumvi moja ya salfa, inayogeuza kila herufi iliyo kichwa wazi ikawa herufi nyingine, iliyovaa haiguswi. Ukisoma baadaye, zilizobaki kama zilivyokuwa ndizo zilizovaa. Tatizo ni kwamba dawa hii haipendi hewa wala mwanga. Ikichoka, hata vichwa wazi hubaki kama vilivyo, na msomaji huvihesabu vyote kuwa vina kofia. Wapo watu wa kazi hii waliojenga jina juu ya kofia ambazo hazikuwahi kuwepo.

Basi wiki ile Lysbet alipokuwa anatia dawa vinyama vya waliorudi, Jorrit alipita nyuma yake kwenda kunawa mikono, akaiona chupa dirishani, kifuniko kimelegea, jua la Mei linaipiga ubavuni. Alisimama. Angeweza kusema, "Lysbet, chupa." Maneno mawili tu. Akanawa mikono, akaifuta taratibu, akatoka.

Sampuli ya udhibiti, ile ya kuonyesha kama dawa imefanya kazi, ilipita. Lakini ilipita kwa kujikongoja, na Jorrit aliona hilo pia.

Watu hupenda kuulaumu wivu kana kwamba unaota wenyewe kama magugu. Wivu hupandwa, tena na watu wenye ardhi. Terborgh alikuwa ametangaza nafasi moja ya kudumu. Moja. Akamwita Jorrit akamwambia, "Wewe una uzoefu." Akamwita Lysbet akamwambia, "Wewe una jambo jipya." Nafasi moja, watu wawili, kitanda kimoja. Miaka ya nyuma aliwagonganisha watafiti wake wawili, Aleida na Wubbo, vivyo hivyo. Leo Wubbo anafundisha hesabu kwenye shule ya watoto, na Aleida akipita mtaa ule hugeuza shingo asilione jengo. Jambo hilo halikuandikwa popote. Tunalo kichwani.

*

Kila Jumamosi asubuhi Lysbet alimpeleka binti yao, Hiske, kwenye bwawa kujifunzia cheti cha kuogelea. Jorrit alisema ana ripoti ya kumalizia, akapanda baiskeli kwenda maabara.

Lysbet alikuwa ametumia nusu tu ya kila kinyama. Nusu ya pili aliiacha kwenye nta, ndani ya kabati, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kurudia kazi yake. Terborgh alimcheka: "Nyama nzuri hiyo unamwekea nani, panya?" Lysbet alikaza. Hata kwenye kauli zake, zile sentensi chache ambazo mtahiniwa wa kwetu huzichapa pamoja na kitabu chake na kuzitetea mbele za watu, aliiandika kauli hiyo.

Jorrit alijiambia atachukua kidogo, ukwangu wa kisu tu. Alikuwa na chupa mpya ya dawa, haijaguswa na jua. Herufi zikigeuka, basi kofia za Lysbet ni hewa. Na ikiwa ni hewa, atamwambia kwa upole. Alishaufanyia mazoezi upole huo akiwa kwenye baiskeli. Angemshika bega. Angesema, hutokea kwa kila mtu.

Mara ya kwanza iliharibika. Dawa inayogeuza herufi ndiyo hiyo hiyo inayozitafuna, na vinasaba vilivyokaa kwenye nta miaka mingi ni dhaifu kama karatasi iliyolowa. Jorrit aliiacha dawa kwa muda mrefu kupita kiasi, maana alitaka kwa hali yoyote isichoke. Hakubaki na cha kusoma. Jumamosi iliyofuata alirudi na kukwangua tena, na vinyama vikiwa vidogo vile, ukikwangua mara mbili umefika chini. Alijua anafika chini. Mkono ulikwenda tu.

Majibu yalitoka akiwa peke yake, mvua inapiga vioo.

Kofia zilikuwepo. Zilikuwepo kwenye kila kinyama cha mgonjwa aliyerudi, na sampuli ya udhibiti safari hii ilipita wima, bila kujikongoja. Alisoma upya akitafuta kosa lake mwenyewe, maana hata hilo lingemfaa. Hakulipata. Mkewe alikuwa sahihi kwa dawa mbovu, na sahihi zaidi kwa dawa nzima.

Angekuta kosa angepata pa kulitua donge lake. Sasa alibaki nalo. Aliyarudisha masanduku kabatini, vibandiko vya Lysbet vimetazama mbele kama zamani, na ndani ya kila moja nta tupu.

Alipofika nyumbani Hiske alimkimbilia na nywele mbichi. "Baba, nimepiga mbizi nikapita kwenye tundu la lile turubai la majini! Mwalimu amesema sikugusa ukingo!"

"Hongera."

"Mbona unasema kama ng'ombe?"

Lysbet alicheka jikoni. "Mwache baba yako. Anafanya kazi Jumamosi, maskini, ili mimi nivae vizuri Ijumaa."

*

Ukumbi ulijaa. Maprofesa waliingia kwa msafara wakiwa na majoho na kofia zao nyeusi, Terborgh mbele, kifua nje kama aliyezaa. Lysbet alisimama kwenye kizimba. Dada yake kushoto, Jorrit kulia, mikono nyuma ya mkia wa koti. Tjitske alikaa mstari wa kwanza akamkonyeza mkwewe.

Maswali ya kwanza yalikuwa ya adabu. Kisha ikafika zamu ya Profesa Vandeputte, mwanamke mfupi aliyekuja kwa treni kutoka Ghent, anayejulikana kwa kutopenda kula chakula ambacho hamjui mpishi wake.

"Mtahiniwa mheshimiwa," alisema, "kwenye ukurasa wa udhibiti, dawa yako inaonekana kama mtu aliyetoka kuumwa. Nani ananihakikishia kwamba kofia hizi ni kofia?"

"Swali la haki, mheshimiwa mpinzani," Lysbet alisema, na sauti yake haikutikisika. "Mimi siwezi kukuhakikishia. Kwa hiyo sikutumia kila kitu. Nusu ya kila kinyama ipo kwenye nta. Yeyote asiyeniamini atarudia kwa mkono wake."

"Hata mimi?"

"Wewe kuliko wote."

Watu wakacheka. Vandeputte akageuza ukurasa. "Hiyo ni mojawapo ya kauli zako, sivyo? Namwomba mpambe aliye kulia atusomee."

Ni desturi yetu; mpambe akiambiwa asome, husoma. Jorrit alipewa karatasi. Koti lilimbana kifuani sasa, si kwapani.

"Kauli ya sita," alisoma. "Anayetaka kuaminiwa kwa jambo jipya," akashusha sauti, "amwachie nusu ya ushahidi yule asiyemwamini."

"Kwa sauti, tafadhali. Waliokaa nyuma nao ni watu."

Akaisoma tena. Lysbet alimgeukia kidogo na kutabasamu, tabasamu la mtu anayefurahi kusikia maneno yake yakitoka kwenye mdomo anaoupenda. Jorrit alifungua mdomo aongeze neno, na wakati huo mlango ukafunguliwa, mshika fimbo akaingia na njuga zake, akaigonga sakafu, akatangaza kwa Kilatini kwamba saa imetimia. Hapo hata profesa akiwa katikati ya sentensi hunyamaza. Mpambe atasemaje?

*

Kwetu mtu akipata heri, hapongezwi yeye peke yake. Ndugu zake nao hupongezwa. Kwa hiyo kwenye tafrija, kati ya vipande vya jibini na vile vidonge vya nyama vinavyounguza ulimi, kila aliyempa mkono Lysbet alipiga hatua moja akampa na Jorrit.

"Hongera kwa mkeo."

"Asante."

"Hongera kwa mkeo, bwana. Una bahati."

"Asante."

"Hongera kwa mkeo. Wewe nawe uko kwenye sayansi, au?"

Terborgh alimshika bega akamvuta mbele ya wageni kutoka wizarani. "Na huyu ndiye mume wa Lysbet. Anatusaidia maabara."

Anatusaidia. Mtu aliyeijenga maabara ile kabati kwa kabati, anayejua friza gani hulia usiku na ipi hunyamaza ikifa. Jorrit alitabasamu kwa meno yake yote. Tjitske, aliyekuwa karibu na glasi ya bia, alisema kwa sauti ya kuuzia ng'ombe, "Anawasaidia? Kumbe mnajua kusaidiwa," na wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Kisha Vandeputte akaja, kinywa kimejaa jibini. "Dokta Lysbet. Ile nusu. Nalala kwa rafiki yangu mpaka Jumatatu. Nikipita asubuhi hiyo nikaibeba mwenyewe?"

"Nitafurahi sana," Lysbet alisema. "Jorrit atakufungulia kabati. Yeye ndiye mwenye ufunguo."

"Hongera kwa mkeo," Vandeputte alimwambia Jorrit. "Watu wengi hunificha nta."

*

Jumamosi asubuhi Tjitske alikwenda na Hiske bwawani, na nyumba ikabaki na glasi chafu na maua. Lysbet alikuwa amekaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anakula mkate kwa jibini. Jorrit alikuwa anafuta glasi moja muda mrefu.

"Utaitoboa hiyo," Lysbet alisema.

"Ile nusu haipo."

"Nusu gani?"

"Ya kwenye nta. Nimeitumia. Yote."

Alimweleza. Alieleza vizuri, kama mtu wa maabara: dawa mpya, mara ya kwanza, mara ya pili, majibu. Chupa ya dirishani hakuitaja. Alisema tu kwamba udhibiti ulimtia shaka.

Lysbet alitoa miguu kwenye maji, akaiweka sakafuni bila kuifuta. "Na zilikuwepo? Kofia?"

"Zipo. Nyingi kuliko zako."

Kwa muda mdogo sana uso wake ulifunguka. Kila mtu wa kazi hii hungoja kusikia neno hilo. Kisha ukajifunga.

"Kwa hiyo niko sahihi, na siwezi kuonyesha."

"Ninayo majibu."

"Ya mume wangu. Aliyeingia peke yake, mlango umefungwa, akatoka na jibu ninalolitaka mimi. Jorrit, wewe ungeliamini? Vandeputte ataliamini?" Alisimama. Nyayo zake zilichora maji kwenye vigae. "Mbona hukuniambia una shaka? Tunalala kitanda kimoja. Ungeniambia, tungerudia pamoja."

"Sikutaka kukuvunja moyo kabla ya..."

"Acha." Alisema polepole. "Acha hiyo. Niambie ulitaka nini."

Jorrit aliiweka glasi kabatini pamoja na nyingine, akaisogeza ilingane nazo.

"Unaona," Lysbet alisema. "Hata kuiba umeiba kwa adabu. Na jana ukaniacha niseme mbele ya watu wote. Ukanisomea kwa sauti, mara mbili."

*

Jumatatu walimkuta Terborgh ofisini kabla Vandeputte hajafika. Lysbet ndiye aliyesema. Jorrit alisimama kama yuko kizimbani. Profesa alisikiliza, akavua miwani, na uso wake ukawa mwepesi. Wenye vyeo vyao hupenda mikosi yetu ikiwa midogo ya kutosha kuingia mfukoni mwao.

"Hakuna tatizo," alisema. "Jorrit alirudia kazi kwa maagizo yangu. Ulikuwa uhakiki uliopangwa. Tulisahau kumwambia Lysbet, ili asiwe na upendeleo. Ni vizuri hata. Jorrit, jina lako litaingia kwenye makala, la pili, karibu kabisa na la mkeo. Na mkataba wako tunaweza kuunyoosha kidogo. Nani anaumia?"

Jina la pili. Jorrit aliliona limechapwa: Lysbet, kisha Hamstra, wino mmoja, mstari mmoja. Tangu lini alikuwa akililalia njaa? Alimtazama mkewe. Lysbet alikuwa anatazama dirishani.

"Usinitazame mimi," alisema. "Nimechoka kukuamulia."

Wakasikia viatu vya Vandeputte kwenye korido. Aliingia akiwa na mfuko wa dukani mkononi, wa kubebea nta, kama anayekwenda sokoni. "Habari za asubuhi. Kahawa nitakunywa, keki sitaki. Ziko wapi?"

"Kuna habari njema," Terborgh alianza. "Sisi wenyewe tulikuwa tumeshapanga uhakiki, na mwenzetu Jorrit hapa..."

"Haukupangwa," Jorrit alisema.

Terborgh alikohoa. "Jorrit amechoka, Ijumaa ilikuwa ndefu."

"Haukupangwa na hakuna aliyenituma. Nta imekwisha, mheshimiwa. Nimeimaliza mimi, Jumamosi mbili, kwa siri. Kofia zipo. Alikuwa sahihi."

Vandeputte aliuweka mfuko mezani. "Wewe ni mumewe."

"Ndiyo."

"Nani alikuona ukifanya?"

"Hakuna."

"Basi una habari ya mapenzi. Mimi nilikuja kutafuta ushahidi." Alianza kuukunja mfuko.

Jorrit alitazama mikono ile midogo ikikunja, kunjo kwa kunjo, kazi ya mkewe ikiingia ndani ya kunjo hizo. Alijua limebaki nini. Lilikuwa lile ambalo hakulisema jikoni.

"Haikuwa mapenzi," alisema. "Wiki aliyotia dawa nilipita nyuma yake. Niliiona chupa, kifuniko kimelegea, iko juani. Sikumwambia. Niliiacha."

Lysbet aligeuka kutoka dirishani.

"Nilimwacha amalize na dawa ile," Jorrit aliendelea, na sasa alikuwa anamwambia Vandeputte lakini macho yako kwenye zulia. "Nilitaka aanguke, halafu nimwinue mimi. Nilirudia kazi nikiomba kofia zisiwepo. Niliitafuta kila njia zisiwepo. Dawa niliiacha muda mrefu mpaka nikaunguza nusu ya nta, kwa sababu niliogopa isije ikasalia kofia moja ya uongo ya kumtetea. Kofia ya mwisho nilipoiona imesimama, nilisoma upya kutafuta kosa langu. Nilichukia. Bado nachukia. Lakini zipo."

Kwenye chumba cha pili mashine ya kuzungusha sampuli ilikuwa inapunguza mwendo.

"Dawa uliiacha muda gani?" Vandeputte aliuliza, "yaani mara ya pili. Na joto?"

Jorrit alimjibu. Akaulizwa lingine, akajibu. Vandeputte akaomba aone michoro ya majibu, ikaletwa, akaitazama kwa karibu bila miwani.

"Nimesoma ripoti nyingi za watu wanaopenda jambo lao," alisema. "Wote huona kofia. Ni mara ya kwanza nasoma ya mtu anayelichukia." Akaufungua mfuko na kuukung'uta, akautia na mikunjo yake kwenye mkoba. "Ghent tunazo nta zetu, kabati zima, na sijawahi kumfungulia mtu. Kwa hili nitalifungua. Dokta Lysbet, utakuja mwenyewe, na dawa mpya. Chupa utaifunga."

"Nitaifunga," Lysbet alisema.

"Na wewe, Terborgh," Vandeputte alisema akivaa koti, "ule uhakiki uliopangwa, nitajifanya sikuusikia."

Hapo ndipo ulipoishia mkasa kwa upande wa Terborgh. Wakubwa kama hawa hawaulizwi. Wiki haikwisha kabla hajamwandikia Jorrit kwamba mkataba wake hautaendelea, kwa sababu ya kuvunja uaminifu wa maabara, na sentensi ile aliyotaka yeye mwenyewe kumdanganyia mgeni haikutajwa popote. Nafasi ya kudumu ilikwenda kwa Lysbet. Wapo waliosema ni haki. Sisi tunasema zingekuwa nafasi mbili tangu mwanzo, chupa ile ingefungwa.

*

Asubuhi ile ile ya Jumatatu walitoka pamoja mpaka kwenye maegesho ya baiskeli. Lysbet aliinama kufungua kufuli, ikamkatalia, akaivuta kwa nguvu mpaka mnyororo ukalia.

"Niliimwaga ile chupa baadaye," alisema bila kuinua kichwa. "Nilidhani ni mimi niliyeisahau. Nililia chooni kwa uzembe wangu, nikarudi kazini nikakuta umenitengenezea chai. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Chai ilikuwa nzuri." Kufuli ikafunguka. "Mama yako atalala chumba cha Hiske mpaka Alhamisi. Wewe utalala sebuleni. Baada ya Alhamisi sijui."

"Sawa."

Alipanda baiskeli, mguu mmoja chini. "Na kwenye makala sitakuweka kwenye majina. Hata la mwisho. Kazi uliyoifanya ni kazi, siwezi kusema haikufanyika, kwa hiyo utakwenda kwenye shukrani, kule chini kabisa, baada ya wagonjwa waliotoa vinyama vyao."

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wameshakufa. Jorrit alitikisa kichwa kukubali. Lysbet aliweka mguu kwenye pedali, akasukuma, akawa ameshafika kwenye lango la chuma mumewe alipomwita.

"Lysbet."

Alifunga breki bila kugeuka.

"Utaandika jina kamili," Jorrit aliuliza, "au herufi za mwanzo tu?"